Kidakuzi: historia ya udaku ndani ya kivinjari

Najua nimepotea. Miezi minne bila kuandika neno hapa si haba, na wale wachache walioniandikia barua pepe kuuliza kama nilishavuka mipaka, nawashukuru. Bado niko Nairobi, bado naandika msimbo ili nipate ugali. Kilichonirudisha ni jambo nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe kwenye tovuti ya mteja, na sikuona ubaya wake mpaka wiki mbili zilizopita. Nitalieleza nikifika huko mbele. Kwanza inabidi tupitie historia ya kitu kidogo sana, maandishi ya herufi chache tu, ambacho kila mmoja wenu anacho kwa mamia ndani ya tarakilishi au rununu yake wakati huu anaposoma.

Wazungu hukiita kuki, yaani biskuti. Watafsiri wa programu wakakipa jina la Kiswahili, kidakuzi. Mimi hulipenda jina hilo kuliko lile la asili. Kudakua ni kufichua siri ya mtu, na kila nikisikia neno kidakuzi, sikio langu linasikia udaku. Biskuti ni jina la kumlaza mtoto. Udaku angalau unakwambia uangalie nani amesimama nyuma ya mlango.

Wavuti ulizaliwa bila kumbukumbu. Tim Berners-Lee alipoubuni pale CERN, Geneva, kati ya mwaka 1989 na 1991, alikuwa akitafuta njia ya wanasayansi kusomeana hati. Kivinjari kinaomba ukurasa, seva inautoa, mazungumzo yanaisha. Ukirudi baada ya sekunde mbili, seva haikujui. Ni kama kununua kwa mwenye kibanda anayekusahau kila akigeuka: umeomba mkate amekupa, ukiomba na maziwa anakuuliza wewe ni nani na umetoka wapi. Kwa kusoma hati, usahaulifu huo haukuwa na tatizo lolote. Ulikuwa hata ni heri, maana seva isiyokukumbuka haina la kusema juu yako.

Tatizo lilianza pale watu walipotaka kuuza vitu. Mwaka 1994 kampuni changa iliyokuja kujulikana kama Netscape ilikuwa ikitengeneza kivinjari chake, na kampuni ya simu ya MCI ilitaka duka la mtandaoni. Duka linahitaji kikapu. Kikapu kinahitaji seva ikumbuke kwamba aliyechagua shati ndiye huyu huyu anayechagua viatu, na MCI hawakutaka kubeba kumbukumbu za manunuzi nusunusu ya kila mpita njia kwenye seva zao. Kazi ikamwangukia Lou Montulli, kijana wa miaka 23 aliyekuwa ameshaandika kivinjari cha maandishi matupu kiitwacho Lynx alipokuwa Chuo Kikuu cha Kansas. (Lynx bado ipo na bado inafanya kazi. Ijaribuni siku intaneti ikiwa ya kobe.)

Juni 1994 Montulli akapata jibu, na pamoja na mwenzake John Giannandrea wakaandika maelezo ya kwanza. Jibu lenyewe ni la mistari miwili. Seva inapotoa ukurasa inaongeza maneno haya: tafadhali nitunzie namba hii. Kivinjari kinaitunza, na kila kinaporudi kwenye seva ile ile kinaionyesha. Basi. Jina walilichukua kwa wanaprogramu wa Unix, ambao tangu zamani waliita hivyo kifurushi cha data ambacho mbebaji anakibeba bila kuhitaji kukielewa.

Hapa Kenya tunakielewa kitu hiki vizuri kuliko tunavyodhani. Ukiingia supamaketi na begi, mlinzi pale mlangoni analichukua na kukupa kibati chenye namba. Kibati hakisemi wewe ni nani wala ndani ya begi mna nini. Kinamwezesha tu yule mlinzi, wa supamaketi ile, kukurudishia begi lako. Ukienda nacho supamaketi nyingine ni chuma tu.

Kuna jambo moja katika hadithi ya Montulli ambalo wengi hulipita haraka, nami naomba tusimame hapo. Palikuwa na njia nyepesi zaidi. Wangeweza kukipa kila kivinjari namba moja ya kudumu, kama namba ya kitambulisho, ionekane na kila tovuti duniani. Msimbo ungekuwa mfupi na kikapu kingefanya kazi. Waliikataa njia hiyo, na Montulli mwenyewe ameeleza kwa nini: namba kama hiyo ingewezesha mtu kufuatwa kutoka tovuti moja hadi nyingine. Kidakuzi kilibuniwa makusudi kiwe cha tovuti moja peke yake. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba mambo haya yalipangwa tangu mwanzo na watu wabaya wanakosea. Yalipangwa na kijana aliyekuwa na wasiwasi ule ule tulio nao sisi leo, na ambaye alichukua hatua za kuuzuia. Ndiyo maana historia hii inanisumbua.

Tundu lilikuwa wapi? Lilikuwa kwenye picha. Ukurasa wa wavuti si kitu kimoja. Ni karatasi ya maagizo. Inakiambia kivinjari: chukua maandishi haya hapa, picha ile kwenye seva ile, na tangazo kule kwenye seva nyingine kabisa. Kivinjari kinatii na kwenda kila mahali. Na kila seva kinayoifikia, hata ile ya tangazo ambayo wewe hukuitembelea kwa hiari yako, ina haki ya kusema: nitunzie namba hii. Kesho unasoma gazeti jingine kwenye tovuti nyingine, tangazo linatoka kwa kampuni ile ile, na kivinjari chako kwa uaminifu mkubwa kinaonyesha namba ya jana. Pamoja na ombi hilo kilikuwa kikipeleka pia anwani ya ukurasa uliokuwa ukiusoma, katika mstari uitwao Referer. (Ndiyo, neno hilo limekosewa tahajia. Lilikosewa miaka ya tisini, likaingia kwenye hati rasmi mwaka 1996, na hakuna aliyethubutu kulisahihisha kwa kuwa kila kitu kingevunjika. Mnaoandika msimbo mnajua hali hiyo.)

Turudi kwa supamaketi. Fikiria kampuni moja inakuja na kuwaambia wenye supamaketi zote za mji: tutawalipia mlinzi wa mabegi, nyinyi mtupe nafasi tu pale mlangoni. Walinzi wote sasa ni wa kampuni moja na wanatoa kibati kimoja. Namba 4471 asubuhi alikuwa duka la dawa, mchana duka la vitabu vya dini, jioni kwa wakili wa talaka. Hawajui jina lake. Lakini ukishajua hayo yote, jina la nini?

Watu wa kawaida hawakujua chochote hadi Februari 1996, gazeti la Financial Times la Uingereza lilipoandika juu ya vidakuzi. Kwa karibu mwaka mmoja na nusu vilikuwa vikifanya kazi kimyakimya, kivinjari kikivipokea bila kumuuliza mwenye tarakilishi. Kelele zikapigwa, na tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaviingiza kwenye vikao vyake vya mwaka 1996 na 1997.

Wakati huo huo wahandisi wanaotunga kanuni za intaneti walikuwa wameshaliona tundu. Februari 1997 walitoa hati namba RFC 2109. Waandishi wake walikuwa David Kristol wa Bell Labs na Lou Montulli yuleyule. Hati ilisema wazi kwamba vidakuzi vya upande wa tatu, yaani vya seva ambayo mtumiaji hakuitembelea mwenyewe, visipokewe mpaka mtumiaji aamue vinginevyo. Mlango ufungwe, anayetaka aufungue.

Netscape na Microsoft, ambao kwa pamoja walikuwa na karibu vivinjari vyote vya dunia, hawakuutii mstari huo. Netscape iliongeza mahali pa kubofya ndani ya mipangilio kwa anayetaka kuvikataa, na mlango ukaachwa wazi kwa wengine wote. Aliyefanya uamuzi huo pale Netscape alikuwa Montulli, ambaye jina lake lilikuwa kwenye hati iliyosema kinyume. Hoja yake ni kwamba kampuni za matangazo zingezuiwa hapa zingepita kwingine, kwa njia ambazo mtumiaji hawezi kuziona wala kuzifuta. Kidakuzi angalau kinaonekana na kinafutika.

Nilipokuwa chuo niliitetea hoja hiyo mbele ya wenzangu, na kwa sauti. Bado sidhani kwamba ni ya kijinga. Mwaka 2010 shirika la EFF lilipopima vivinjari karibu 470,000, liligundua kwamba zaidi ya asilimia 80 vingeweza kutambuliwa kimoja kimoja bila kidakuzi chochote, kwa kuangalia tu mchanganyiko wa fonti, ukubwa wa kioo, toleo la programu na vikorokoro vingine. Kwa hiyo alikuwa sahihi kwamba njia nyingine zipo. Lakini mwizi anayeweza kupita dirishani si sababu ya kuacha mlango wazi kwa miaka 20 na zaidi, na kumbuka kwamba mwaka 1997 biashara ya matangazo mtandaoni ilikuwa bado kitoto cha kutambaa. Kingefundishwa tabia nyingine. Kilipofika utu uzima ilikuwa vigumu kukikunja.

Utu uzima wenyewe ulikuja haraka. Kampuni ya DoubleClick ya New York, iliyoanza kazi mwaka 1996, ndiyo hasa iliyowaajiri walinzi wa mabegi. Mwanzoni ilijitetea kwamba inajua namba tu, si majina. Halafu mwaka 1999 ikainunua Abacus Direct, kampuni iliyokuwa na rekodi za manunuzi ya barua za kaya karibu milioni 90 za Marekani, zikiwa na majina na anwani za nyumbani. Mpango ulikuwa kuunganisha vitabu viwili, kile cha namba na kile cha majina. Mapema mwaka 2000 watetezi wa faragha wakapeleka malalamiko kwa FTC, na Machi mwaka huo mkuu wa DoubleClick, Kevin O'Connor, akakiri kwamba walikosea na kuusimamisha mpango.

Mwaka 2007 Google ikatangaza kuinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1, na Machi 2008 ununuzi ukakamilika. Sera ya faragha ya Google iliahidi kwamba haitaunganisha habari za vidakuzi vya DoubleClick na habari zinazomtambulisha mtu, isipokuwa mtu huyo akubali. Ahadi hiyo ilikaa pale miaka kadhaa. Juni 2016 ikafutwa. Lile lililoleta ghasia mwaka 2000 likapita kwa kufuta sentensi moja, wengi wetu tukibofya kitufe cha kukubali ili tuendelee kusoma barua pepe. Mimi nilikuwa mmoja wao na sikumbuki hata siku yenyewe.

Nisiwadanganye kwamba hakuna aliyepigana. Apple ilipoleta kivinjari cha Safari mwaka 2003, ilikifunga mlango wa upande wa tatu tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo palipotokea kisa ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii, kwa sababu mwanaprogramu yeyote atakielewa ndani ya sekunde tano. Safari ilikuwa na msamaha mmoja: kama mtumiaji amejaza fomu na kuituma kwa seva ile ya nje, basi inachukuliwa kwamba anaijua, na seva inaruhusiwa kuweka kidakuzi. Mwanzoni mwa 2012 Jonathan Mayer wa Stanford akafichua kwamba Google ilikuwa ikipachika fomu tupu isiyoonekana ndani ya tangazo, kisha msimbo unaituma wenyewe, mtumiaji hajagusa kitu. Safari inaona fomu imetumwa, inafungua mlango. Na haya yote wakati Google ilikuwa imewaambia watumiaji wa Safari kwamba hawahitaji kufanya lolote, kivinjari chao tayari kinawalinda. Agosti 2012 Google ikalipa faini ya dola milioni 22.5 kwa FTC.

Ninachokifikiria mara nyingi ni yule aliyeiandika fomu ile. Alikuwa mtu mwenye digrii kama yangu, mbele ya kioo kama hiki. Bila shaka kulikuwa na tiketi kwenye mfumo wao wa kazi, labda imeandikwa tu kwamba kitu fulani hakifanyi kazi kwenye Safari, tafadhali rekebisha. Akarekebisha. Pengine alijisikia mwerevu jioni ile. Mimi ningejisikia mwerevu.

Kuhusu mabango ya "kubali vidakuzi" sina mengi. Yalitokana na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 lililofanyiwa marekebisho mwaka 2009, yakaongezeka sheria ya GDPR ilipoanza kutumika Mei 2018, na mwaka 2019 mahakama kuu ya Umoja huo ikasema kisanduku kilichotiwa alama tayari si ridhaa. Nia ilikuwa njema. Matokeo mnayaona: kitufe cha kukubali kina rangi ya kijani na ukubwa wa kiganja, cha kukataa kimefichwa ngazi tatu chini.

Cha ajabu zaidi kilitokea mifukoni mwetu. Mnakumbuka ile namba ya kudumu aliyoikataa Montulli mwaka 1994 kwa kuwa ingemfuata mtu kila mahali? Mwaka 2012 Apple iliiweka kwenye simu zake kwa ajili ya matangazo, na mwaka 2013 Google ikafanya vivyo hivyo kwa Android. Unaweza kuibadilisha ukijua ilipo, lakini programu zote ndani ya simu huiona moja. Aprili 2021 Apple ilianza kulazimisha kila programu iombe ruhusa kwanza. Kwetu hapa ambako simu nyingi ni za Android, wengi hawajawahi hata kusikia kwamba namba hiyo ipo.

Kwa upande wa vivinjari, Firefox ilianza kuvizuia vidakuzi vya wafuatiliaji wanaojulikana mwaka 2019, na Safari ikaziba matundu yote yaliyobaki Machi 2020. Januari 2020 Google iliahidi kwamba Chrome nayo itaacha vidakuzi vya upande wa tatu ndani ya miaka miwili. Ikasogeza hadi 2023, ikasogeza hadi 2024, ikasogeza hadi 2025. Julai 2024 ikasema haitaviondoa, itampa mtumiaji nafasi ya kuchagua. Aprili 2025 ikasema hata swali hilo haitaliuliza. Nimekutana na mafundi wa mabomba wenye ahadi za namna hii.

Naomba niingize kumbukumbu moja kabla sijaungama. Nilijifunza intaneti nikiwa shule ya msingi, kwenye saiba ya mtaani kwetu, wakati nyaya za baharini zilikuwa ndiyo kwanza zinafika Mombasa mwaka 2009. Tulilipa shilingi kwa dakika, na mashine moja ilitumiwa na watu 30 kwa siku. Kidakuzi cha mashine ile kilimwona mtu mmoja wa ajabu sana: asubuhi anatafuta fomu za chuo, mchana anasoma habari za Arsenal, jioni anatafuta mchumba Uholanzi. Ule ulikuwa ufuatiliaji usio na maana yoyote, na ndani ya umaskini ule kulikuwa na faragha ambayo sikujua nilikuwa nayo. Simu ya kila mtu mfukoni mwake ndiyo iliyotutenganisha mmoja mmoja.

Sasa kuungama kwenyewe.

Nina mteja, kliniki moja ndogo. Sitaitaja wala kusema iko wapi. Niliwatengenezea tovuti yenye ukurasa wa kuweka miadi: unachagua huduma, siku na saa, unaandika namba ya simu. Miezi saba iliyopita dada anayeshughulikia masoko pale alinitumia mistari kumi hivi ya msimbo kutoka kampuni ya matangazo ya ng'ambo. Alitaka kujua ni watu wangapi waliobofya tangazo lao kisha wakaweka miadi. Ombi la kawaida kabisa. Nikabandika mistari ile kwenye kiolezo cha tovuti nzima, ili isinisumbue kuichagulia kurasa. Dakika nne. Nikatuma ankara.

Wiki mbili zilizopita nilifungua zana za mwanaprogramu kwenye kivinjari kutafuta kwa nini picha fulani inachelewa. Nikaona maombi yanaondoka kwenda nje. Nikabofya moja. Ndani yake palikuwa na anwani nzima ya ukurasa, na ukurasa niliutengeneza mimi, nikiweka jina la huduma ndani ya anwani ili kiungo kisomeke vizuri: miadi, kisha swali, kisha kipimo cha HIV. Pembeni yake, kidakuzi cha kampuni ile, namba ile ile inayomfuata mtu kwenye tovuti nyingine zote zilizobandikwa mistari kama hiyo. Nikachagua huduma nyingine. Uzazi wa mpango. Ikaondoka. Ushauri nasaha wa msongo wa mawazo. Ikaondoka.

Nikajaribu kwenye Safari nikitumaini itaniokoa. Haikuniokoa, kwa sababu mistari ile nilikuwa nimeibandika ndani ya ukurasa wenyewe, na msimbo ulio ndani ya ukurasa una haki zote za mwenye nyumba. Uliweka kidakuzi chake kwa jina la kliniki. Historia yote niliyowasimulia hapo juu, RFC 2109, Safari ya 2003, mabishano ya miaka karibu 30 juu ya upande wa tatu, niliipita kwa kumkaribisha mgeni sebuleni na kumkabidhi funguo.

Na sikuwa na kisingizio cha kutojua. Juni 2022 gazeti la The Markup lilikuta pikseli ya Meta kwenye tovuti za hospitali 33 kati ya 100 bora za Marekani kwa orodha ya Newsweek, ikipeleka habari pale mgonjwa anapobofya kuweka miadi. Mwaka 2023 FTC iliitoza GoodRx dola milioni 1.5 na kuitaka BetterHelp ilipe dola milioni 7.8 kwa kuzifikishia kampuni za matangazo habari za afya za wateja. Niliyasoma yote. Niliyasambaza hata kwenye kundi letu la WhatsApp la wanaprogramu, na kicheko. Yalikuwa mambo ya Marekani. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaja hali ya afya kati ya data nyeti, na mwaka 2023 tuliona ofisi ya Kamishna ikizitoza faini kampuni za mikopo ya simu kwa kuwasumbua watu waliomo tu kwenye orodha ya simu ya mkopaji. Hilo nalo nililishangilia.

Niliiondoa mistari ile usiku ule ule kabla ya kumuuliza mtu. Asubuhi nikampigia mwenye kliniki, mama wa makamo, daktari mstahiki ninayemheshimu sana. Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kijana, wagonjwa wangu wameumia?"

Nikamjibu, "Daktari, sina njia ya kujua."

"Na ukishaitoa, imekwisha?"

"Huku kwetu imekwisha. Kule ilikoenda, hapana."

Akasema atafikiria. Jioni akanipigia: nihakikishe haipo tena popote, na jambo hili libaki kati yetu, maana mji ni mdogo na watu wakisikia neno HIV na neno mtandao katika sentensi moja hawatarudi, hata wale wanaohitaji dawa. Na hiyo si hoja ya kupuuzwa. Mgonjwa anayeogopa kurudi kliniki ni hatari ninayoweza kuiona kwa macho. Namba iliyoko kwenye seva ya ng'ambo siioni.

Lakini kifungu cha 43 cha sheria ile kinasema data ikimfikia asiyeidhinishwa, na pakiwa na hatari ya kweli ya madhara, anayeimiliki amjulishe Kamishna ndani ya saa 72, na wenye data nao waambiwe. Mimi kama mshughulikiaji nilipaswa kumjulisha yeye ndani ya saa 48, na hilo nimelitimiza, kwa simu na baadaye kwa maandishi. Saa zake 72 zimeshapita. Wakili rafiki yangu anabisha kwamba labda huu si uvujaji kwa maana ya sheria, kwa kuwa kliniki yenyewe ndiyo iliyoipachika mistari. Anayesema hivyo hajaona ile anwani ikiondoka.

Kwenye kumbukumbu za seva nimehesabu miadi 1,112 kwa miezi ile saba. Juzi nimemwandikia daktari barua nyingine, na safari hii nimemwandalia pia rasimu ya maneno mafupi ya kuwatumia wagonjwa, bila kutaja huduma yoyote, ili anayesoma simu ya mwenzake asijue lolote. Bado hajanijibu. Nikipata jibu nitawaandikia hapa.

Na wewe mwenye tovuti za wateja, fungua zana za mwanaprogramu, nenda kwenye orodha ya maombi ya mtandao, kisha pakia upya ule ukurasa wenye fomu.